Mkonge wa Pwani Yetu na Mchezo wa Vishale

Huenda msomaji akauliza: Mchezo wa Waingereza wa kutupa vishale una habari gani na sisi watu wa Tanga, Muheza na Pangani? Jibu lake ni hili: habari za mchezo huo haziwezi kusimuliwa sawasawa pasipo kuutaja mkonge, na habari za mkonge katika Afrika Mashariki zilianzia pwani yetu.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Mchezaji husimama mbali na ubao kadiri ya meta 2.37, naye hutupa vishale vitatu kwa zamu. Ubao ni wa mviringo, umegawanywa sehemu 20, na kila sehemu ina namba yake. Mchezaji huanza na hesabu ya 501, huipunguza kidogo kidogo mpaka iishe, na kishale cha mwisho sharti kiingie katika ukanda mwembamba wa pembeni unaoizidisha namba mara mbili, au katika kitovu cha ubao. Basi mchezo huu wataka jicho kali, mkono uliotulia, na akili nyepesi ya hesabu.

Zamani ubao ulikuwa wa mti mtupu. Kila kishale kilipoingia kiliacha tundu, na ubao ukikauka ulipasuka. Kwa hiyo watu waliuloweka majini usiku ili matundu yapate kujifunga. Katika miaka ya 1930 mafundi wa Uingereza waligundua njia iliyo bora. Walichukua singa za mkonge, wakazichana, wakazifunga vifungu vifungu, wakazikata fupi, kisha wakazibana kwa nguvu nyingi ndani ya duara la chuma, ncha za singa zikielekea mbele. Ncha ya kishale haikati singa hizo. Hupita kati yake, na kishale kikitolewa singa hurudi mahali pake. Ubao wa namna hii hudumu kwa muda mrefu, na ndio unaotumika katika mashindano makubwa hata leo.

Je, mkonge ulifikaje kwetu? Asili yake ni nchi ya Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Miche hiyo ilipitia Hamburg, na safari ilikuwa ndefu mno. Ilipofika Tanga, iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache, hata ilipofika mwaka 1898 mimea ilikuwa imekwisha kufika 63,000 hivi. Baadaye mkonge ulienea Muheza, Korogwe na bonde lote la mto Pangani, ukavuka hata mpaka na kuingia Kenya.

Lakini mche haujikati wenyewe. Mashamba yalitaka watu wengi, nao waliletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda, Urundi na Msumbiji. Kila mtu aliandikwa na kupewa namba, na ndiyo sababu wakaitwa manamba. Walikata majani yenye miiba tangu alfajiri, wakayafunga, na majani yakapelekwa korona ili kupondwa na kutolewa singa. Kazi ilikuwa nzito na ujira mdogo. Wengi hawakurudi kwao tena, na wajukuu wao ndio jirani zetu leo.

Huko Uingereza mchezo uliendelea kukua. Mwaka 1927 gazeti la News of the World lilianzisha mashindano ya vishale mjini London. Mwaka 1978 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya wachezaji wa kulipwa, mjini Nottingham, na Leighton Rees wa Wales akamshinda John Lowe wa Uingereza kwa michezo 11 kwa 7. Baadaye wachezaji wakafarakana na chama chao, na mwaka 1994 wale waliojitenga wakafanya mashindano yao wenyewe. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua kupita yote. Januari 2026 mshindi wake, kijana Luke Littler wa Uingereza, alipewa pauni 1,000,000.

Tulinganishe basi. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakawa msitu, na korona nyingi zikanyamaza. Plastiki iliushinda mkonge katika kamba na katika magunia. Lakini katika ubao wa mashindano haikuushinda. Twauza singa kwa tani, na wengine huuza ubao mmoja mmoja. Katika tofauti hiyo ndimo faida ilimo.

Jirani zetu wa Kenya walipata sehemu ya faida hiyo, maana mbao za kampuni ya Winmau, zinazotumika katika mashindano ya dunia tangu mwaka 2022, zimekuwa zikitengenezwa nchini mwao. Tena Desemba 2025, katika jumba la Alexandra Palace mjini London, Mkenya David Munyua, tabibu wa wanyama, alisimama mbele ya ubao huo, Mkenya wa kwanza kufika hapo. Alikuwa nyuma kwa seti mbili bila kitu, lakini hakukata tamaa, akamshinda Mike De Decker wa Ubelgiji kwa 3 kwa 2. Alishindwa katika raundi iliyofuata, lakini njia ameifungua.

Wahenga walisema: Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Majina ya mabingwa yameandikwa vitabuni, na ni haki yao. Majina ya manamba hayakuandikwa. Ziliandikwa namba zao tu. Basi, ewe msomaji, kama kijijini mwako yupo mzee aliyekata mkonge, kaa naye umwulize jina lake, kwao, na shamba alilofanyia kazi, kisha uyaandike. Hiyo nayo ni historia, na mwenye kuihifadhi ni wewe.