Pasi ya makaa na siku yake katika juma

Ukifungua kamusi ya Kiswahili kwenye herufi P, utakuta neno 'pasi' limeorodheshwa zaidi ya mara moja. Ipo pasi anayopewa mshambulizi uwanjani. Ipo pasi ya kusafiria, ambayo wengi wetu tunaiita pasipoti. Ipo 'pasi na' yenye maana ya bila, inayopendwa mno na waandishi wa insha: pasi na shaka, pasi na kifani. Kisha ipo pasi ya nguo, na hiyo ndiyo ninayotaka tuishike leo, tena kwa mpini.

Swali langu ni dogo. Watu hupiga pasi mara ngapi nyumbani? Kuna aliye radhi kukosa chai asubuhi lakini shati lisikose pasi. Kuna anayeitoa kabatini siku ya harusi peke yake. Kuna yule atakayekuambia, bwana, mimi nguo zangu nazianika vizuri tu, basi. Aghalabu tunawapima watu hawa kwa mizani ya unadhifu na uvivu. Mimi nashikilia kwamba historia ina jibu lingine: mara tunazopiga pasi zimeamuliwa zaidi na moto, jinsi unavyopatikana na gharama yake, kuliko tabia ya mtu.

Tuanze na neno lenyewe. Wataalamu wa maneno ya mkopo huliweka 'pasi' katika kapu moja na 'leso' na 'foronya', maneno ya vitambaa tuliyoyapata kwa Wareno, pamoja na 'meza' ambayo juu yake hutandikwa blanketi kuukuu la kupigia pasi. Mreno husema 'passar a ferro', yaani kupitisha kwa chuma. Sisi tulipokea kule kupitisha, chuma tukakiacha. Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593 na wakang'olewa humo na Waomani mwaka 1698. Hii haina maana kwamba kila nyumba ya Mvita ilikuwa na pasi karne hizo. Maneno husafiri na kuweka kambi mapema, vitu vikafuata baadaye kwa wengi.

Kiswahili kililipa neno hilo kitenzi 'piga', na hapo mgeni anayejifunza lugha hushangaa, kwani pasi haipigi nguo, huipapasa. Lakini ukitazama wenzake utaona mantiki yake: tunapiga randa, tunapiga msasa, tunapiga brashi, tunapiga deki. 'Piga' hapa ni kukitumia kifaa kwa kukirudisharudisha juu ya kitu. Seremala mwenye randa na mwenye pasi wanafanya kazi ya aina moja, kusawazisha. Neno hili liliingia bara pamoja na chombo. Wakikuyu wana 'pathi' nao huitumia na kitenzi chao cha kupiga. Wanyarwanda wana 'ipasi'. Waganda walichukua 'ppaasi' lakini kitenzi wakabaki na chao, 'okugolola', kunyoosha. Na hata sisi hatukukiacha kabisa kitenzi hicho. Wapo wengi, hasa upande wa Tanzania, wanaosema wananyoosha nguo, nao hawajakosea chochote.

Kunyoosha nguo kwa moto ni jambo la kale kuliko umeme, na kuliko Wareno vilevile. Katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Boston, Marekani, kuna mchoro wa Kichina wa mwanzo wa karne ya 12 unaowaonyesha wanawake wa kasri wakitengeneza hariri mpya. Wengine wanaitwanga kwa michi mirefu, wengine wanashona, na mwishoni wawili wameivuta hariri huku mwingine akiipitishia sufuria ndogo yenye mkono mrefu, ndani yake makaa ya moto. Hiyo ni pasi, japo ina sura ya kikaango.

Kwetu pwani, msamiati mwingine wa kazi hii ulitoka Bara Hindi. 'Dobi' ni neno la Kihindi la mtu wa ukoo au tabaka la wafuaji. 'Kanji', wanga wa kukakamazia nguo, ni la huko huko. Kanzu nyeupe iliyotiwa kanji na kupigwa pasi ikasimama kama ubao ilikuwa kazi ya ustadi, na mwenye uwezo aliipeleka kwa dobi badala ya kuihangaikia mwenyewe. Siku iliyotawala ilikuwa Ijumaa. Bara, kwa Wakristo, ikawa Jumapili ya kanisa, kisha Jumatatu ya shule na kazi. Kwa hiyo pasi ya nyumbani ilikuwa na siku yake katika juma hata kabla hatujazungumzia makaa. Makaa yaliifunga siku hiyo kwa kufuli.

Kijana ambaye hajaishika pasi ya makaa nimweleze. Ni sanduku la chuma lenye ncha kama mtumbwi, kifuniko chenye bawaba, mpini wa mbao juu, na matundu ubavuni ya kupitisha hewa. Nyingi zilikuwa na jogoo mdogo wa chuma mbele ambaye ndiye komeo. Makaa huwashwa kwanza jikoni hadi yakolee, ndipo yanapohamishiwa ndani. Halafu unaibembeza pasi huku na huku nje ya nyumba ili upepo uyachochee na vumbi la majivu litoke. Usipofanya hivyo, majivu yataangukia shati jeupe na utarudi kwenye beseni. Chini yake ukipitisha jani bichi la mgomba, masizi yanatoka na chuma kinateleza. Kujua joto limefika, ulichovya kidole majini ukadondosha tone, ukasikiliza linavyolia. Hakukuwa na kitufe cha kuongeza wala kupunguza. Na kazi hii haikufaa chumba kilichofungwa madirisha, maana hewa ya makaa ni ile ile inayoua watu wanaolala na jiko.

Joto hilo lilikuwa na mpangilio wake. Likiwa kali mwanzoni, unaanza na nguo sugu: kaptula za kaki, marinda ya sketi za shule, shuka. Linapopungua unafuata mashati na magauni, na mwisho leso na foronya ambazo hazihitaji nguvu. Kwa hiyo aliyepiga pasi ya makaa alikuwa na foleni ya nguo kichwani kabla ya kuwasha kiberiti. Sasa niambie, nani angewasha makaa ya mkebe mzima kwa ajili ya shati moja? Hakuna. Nguo za nyumba nzima zilikusanywa zikasubiri siku moja, na siku hiyo pasi ikapigwa hadi makaa yakawa majivu. Jirani asiye na pasi alileta zake pia, au akaiazima pasi ikiwa bado moto. Nguo iliyokunjamana Jumatano ilivaliwa imekunjamana, au ilikunjwa vizuri ikalaliwa chini ya godoro.

Tusidhani hili lilikuwa jambo la Kiafrika. Uingereza na Marekani za karne ya 19 zilikuwa na desturi ya kufua Jumatatu na kupiga pasi Jumanne, kwa sababu iyo hiyo: huko vyuma vizito vilipashwa juu ya jiko la kuni au makaa, na jiko liliwaka kutwa. Henry Seely wa New York alipata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882, wakati ambapo nyumba zenye umeme zilikuwa za kuhesabika. Kisa ninachokipenda ni cha Earl Richardson, aliyefanya kazi katika kampuni ya umeme mjini Ontario, California, mwanzoni mwa karne ya 20. Alitengeneza pasi zake za umeme akawagawia wateja, lakini mtambo ulikuwa ukiwashwa usiku tu kwa ajili ya taa. Akaishawishi kampuni izalishe umeme mchana kutwa, siku moja katika juma. Siku gani? Jumanne. Desturi iliyozaliwa na jiko la makaa ikauelekeza mtambo wa umeme uwake lini. Baadaye tu ndipo umeme nao ukaivunja desturi hiyo.

Hapa Kenya, umeme ulifika Mombasa na Nairobi katika muongo wa kwanza wa karne hiyo, na mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliungana kuwa East African Power and Lighting. Haukwenda kwa kila mtu. Katika nyumba za Wazungu, kazi za ndani zilifanywa hasa na wanaume wa Kiafrika walioitwa 'boi' hata wakiwa na mvi. Yamkini hao ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza waliopiga pasi karibu kila siku, nguo za watu wengine. Nadhifu ya kaki iliyonyooka kwa askari, karani na mwalimu ilienezwa na ofisi, jeshi na misheni, lakini umeme wa kuinyooshea haukusambazwa pamoja nayo. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba chini ya robo ya nyumba nchini zilitumia umeme kwa mwanga. Ile ya 2019 ikaonyesha takriban nusu. Kwa hiyo nyumba nyingi zimeijua pasi ya stima ndani ya miaka michache tu iliyopita.

Nayo imebadilisha hesabu. Pasi yenye kidhibiti joto hupata moto kwa dakika mbili na kuzimwa kwa kidole. Foleni ya nguo imevunjika: mtu huamka, huchagua shati, hulipiga pasi hilo moja, huondoka. Huyu hupiga pasi mara tano au sita kwa juma, ilhali jumla ya nguo anazonyoosha pengine ni chache kuliko zile za Jumapili moja ya mamake. Kasoro ni kwamba ameiweka asubuhi yake mikononi mwa stima. Ikipotea saa kumi na mbili, shati limekwisha. Na tokeni nazo zina lao. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo hula yuniti moja, kiasi ambacho balbu ya wati 10 hukitumia kwa saa 100. Si ajabu mwenye nyumba ya kupanga anayegawana mita na wenzake hupiga kelele akisikia harufu ya pasi.

Vitambaa pia vimeingilia kati. Mwaka 1941 Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Dickson, walivumbua uzi wa poliesta, na baada ya vita dunia ikapata nguo isiyokunjamana kirahisi. Huku kwetu suruali za tetroni zilipendwa kwa sababu hiyo. Lakini poliesta na pasi ya makaa ni maadui, chuma kisicho na kipimo cha joto huiyeyusha ikaacha tundu lenye umbo la ncha ya pasi. Wazee walijua kuweka kitambaa chenye unyevu katikati.

Kabla hatujasema pasi ni anasa, kuna nzi wa maembe. Nzi huyu hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Kiluwiluwi hupenya ngozi na kutengeneza uvimbe kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai, mradi lifike kwenye mapindo, mishono na kiunoni, pande zote mbili. Katika maeneo yenye nzi huyo, mama anayepiga nepi pasi kila siku hatafuti sifa za majirani.

Kinachonikera ni shule. Shule ya msingi niliyosoma ilikagua sare kila Jumatatu kwenye gwaride, na mwenye mikunjo alisimamishwa kando. Waliosimama kando walikuwa wale wale kila juma, na si kwamba walikuwa wachafu: nguo zao zilikuwa zimefuliwa, nyumbani ndiko hakukuwa na pasi wala makaa ya ziada. Wengine walijaza maji moto katika kikombe cha bati au wakapasha kitako cha sufuria, wakanyoosha kola na marinda peke yake, sehemu anazotazama mwalimu. Nilipouona ule mchoro wa Kichina miaka mingi baadaye, niliwakumbuka. Mwalimu ana haki ya kudai nguo safi. Kudai nguo iliyonyooka kila asubuhi ni kudai chombo, moto na muda, na hivyo havimo katika orodha ya vitu ambavyo shule humwambia mzazi anunue.

Neno 'dobi' nalo limehama. Kijana wa Nairobi akikuambia 'kesho nina dobi', hamaanishi kwamba anatembelewa na mtu. Anamaanisha rundo la nguo za kufua. Mtu mwenyewe, ambaye siku hizi aghalabu ni mwanamke, anaitwa mama fua, na jina lake limesimama hapo kwenye kufua. Mkishapatana bei ya beseni na kamba, ukamuuliza 'na kupiga pasi je?', atakujibu kwamba hiyo ni pesa nyingine.