Neno "rafiki" mu vitabu vyetu



Kuna mudogo wetu mumoja, wa promosioni ya nyuma, aliniandikia pembeni: "Yaya, weye unasomaka sana. Nipatie kitabu ao filimu yenye iko na banamuke bawili benye banapendana, lakini isikuwe ya kuchafua kichwa. Na usiniulize juu ya nini." Sikumuuliza. Nilichelewa kumujibu juu mvua ilikuwa imeanza, na mahindi haingojake mutu. Sasa jibu limekuwa refu, nikaona niliandike hapa kwa wote, bila jina lake. Mimi ni mutu wa udongo na mbolea, si profesa wa fasihi. Lakini hivi vitabu nimevisoma mwenyewe, na filimu nimeziangalia mpaka mwisho.

Nianze na mutu wa kwetu. V. Y. Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, yaani Likasi, pale tunapopita kila tukienda Lubumbashi. Majina yake ya kwanza yalikuwa Valentin-Yves. Wakati Mobutu alipokataza majina ya ubatizo, akawa Vumbi Yoka, na zile herufi mbili, V. na Y., zikabaki palepale juu ya vitabu vyake. Mutu mwerevu. Kama kijana alikaa mu monasteri ya Wabenedikto kule Rwanda, akatoka, akafundisha Lubumbashi, kisha akaenda Marekani, na kule njo alifia mwaka 2025. Wengi wanamujua kwa kitabu chake cha mwaka 1988, The Invention of Africa, ambacho ni kigumu sawa mawe ya Musonoi. Mimi nataka kusema juu ya riwaya yake fupi, Le Bel Immonde, iliyotoka Paris mwaka 1976 kwa Présence Africaine.

Hadithi iko Kinshasa, mwaka 1965. Mukumbuke mwaka ule: Tshombe, mutoto wa Musumba hapa kwetu Lualaba, ni waziri mukuu, mwezi wa 10 Kasa-Vubu anamutoa, tarehe 24 mwezi wa 11 Mobutu anachukua nchi yote. Pembeni ya nchi waasi wanapigana. Mu riwaya, waziri mumoja anampenda mwanamuke wa baa anayeitwa Ya. Ya ametoka kwa watu walio upande wa waasi, na watu wake wanataka amupeleleze yule waziri.

Mu mwaka wa tano wa sekondari mwalimu wetu wa Kifaransa alituandikisha muhtasari wa kitabu hiki. Kitabu chenyewe hatukukiona. Muhtasari ulisema: waziri, mwanamuke wa baa, siasa, kifo. Mu mustari mumoja ulisema pia kwamba Ya "anaishi na rafiki yake". Nilikariri vizuri, nikapata 16 juu ya 20, nikaendelea na maisha.

Miaka tisa nyuma yake nikapata kitabu kizima, kimechakaa, mu soko la vitu vya zamani. Nikasoma na nikarudilia kusoma. Yule "rafiki" si rafiki wa kukopeshana chumvi. Ya na yule mwanamuke wanapendana. Mudimbe haiandiki kwa kelele. Hahubiri, hawahukumu, haelezi ilitoka wapi. Anaiweka tu ndani ya maisha yao, sawa vile anavyoweka baa na musiki na makuta mufukoni. Tena ukisoma polepole unaona kwamba wote wanaomutaka Ya, waziri na waasi, kila mutu anamutaka kwa kazi fulani. Rafiki yake tu njo hamutumi popote. Na yule rafiki njo analipa bei kubwa. Namna gani, siisemi, mutasoma wenyewe.

Fikirini sasa tarehe. 1976 ni katikati ya Authenticité, wakati serikali ilikuwa inaamua hata nguo gani ni ya Kizairwa na nguo gani si ya Kizairwa. Mutu wa Likasi anaandika wanawake wawili wa nchi hii wanaopendana, na kitabu kinapita, kinafundishwa, kinafanyiwa mitihani. Kilipita namna gani? Nafikiri kilipita juu ya lile neno. Kila musomaji aliyekutana na "rafiki" alikuwa huru kusimama pale, asiende mbele. Mwalimu wangu alisimama pale. Simulaumu sana, labda naye aliandikishwa muhtasari.

Mudimbe ana kitabu kingine ambacho kila mutu wa Kolwezi angepaswa kukijua: Shaba deux, cha mwaka 1989. Ni daftari la mama mutawa, Marie-Gertrude, hapa mujini kwetu, wakati wa vita vya mwezi wa 5 mwaka 1978, ile vita ambayo baba zetu wanaihesabia miaka ("huyu alizaliwa mbele ya vita ya pili ya Shaba"). Nilipoanza kukisoma nilikuwa nimeshapata ule ugonjwa wa kutafuta. Nikajiambia: wanawake peke yao ndani ya nyumba ya watawa, hapa pia lazima kuna kitu chini ya maneno. Nikatafuta. Nilichoona mimi ni upweke, na woga, na mwanamuke mweusi anayeachiwa nyumba wakati mambo yameharibika. Kwa hiyo mudogo wangu, hiki sikupatii kwa ile sababu uliyoomba. Nakupatia juu ni kitabu cha muji wako. Si kila watu wawili wanaoshikana mikono mu hadithi ni wapenzi, na mutu anayeona mapenzi kila mahali anasoma vibaya sawasawa na yule asiyeona hata pamoja.

Najua kuna wakubwa hapa watasema: haya mambo ni ya wazungu, hayakuwa kwetu. Bon. Tuangalie migodi basi, juu sisi wote hapa ni wajukuu wa migodi. Kule Johannesburg kampuni za dhahabu ziliweka wanaume peke yao mu makampaundi, miezi na miezi. Kati yao kukazaliwa desturi inayojulikana vizuri: mwanaume mukubwa "anaoa" kijana, anamupa zawadi, kijana anamupikia na kulala naye. Mumisionari Mswisi, Henri-Alexandre Junod, aliiandika kwa kuchukizwa mwanzo wa karne ya 20. Miaka ya 1980 Dunbar Moodie na Vivienne Ndatshe walikusanya ushuhuda wa wazee wa Mpondo waliokumbuka, na wengine walikumbuka bila haya. Wanaume hawa walikuwa Waafrika, na wengi walikuwa na mabibi na mashamba nyumbani.

Kwetu Union Minière ilifuata njia nyingine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilitaka mufanyakazi akae na bibi yake mu kambi, juu mutu mwenye familia hakimbii mbio, na watoto wake watakuwa wafanyakazi wa kesho. Posho ilihesabiwa kwa bibi na kwa watoto. Wake wakafundishwa kushona na kupika namna kampuni ilivyotaka. Ile nyumba ya baba, mama na watoto mu kambi, tunayoiita leo desturi ya mababu, kwa sehemu kubwa ilipangwa mu biro ya kampuni. Sisemi hivyo ili niitukane. Mimi mwenyewe nimetoka mu nyumba ya namna ile. Nasema tu kwamba karatasi za kampuni zinahesabu vichwa vya kupewa posho. Upendo hazihesabu, wa aina yoyote. Njo maana ukitafuta habari hizi Katanga, riwaya moja ya mutoto wa Likasi inaweza kukuambia zaidi kuliko armuwari nzima ya dosie.

Sasa filimu. Kuna Viva Riva! ya Djo Munga, ya mwaka 2010, Kinshasa tena, wakati esanse imekosekana mujini. Ndani yake kuna komanda mwanamuke wa jeshi anayependa wanawake, na filimu haimutengi: ni mutu mwenye shida zake, sawa wengine wote mle. Lakini mudogo, uliomba isichafue kichwa. Hii itachafua. Damu nyingi, na vitanda vingi. Iangalie siku nyingine, na si sebuleni na mama.

Unayoitafuta weye ni Rafiki. Unaona jina? Wanuri Kahiu wa Kenya aliitengeneza, ikatoka 2018, na alieleza mwenyewe kwamba aliichagulia jina hilo juu watu wa namna hii kwetu Afrika wanapomuonyesha mupenzi wao kwa wengine wanasema "huyu ni rafiki yangu". Miaka 42 baada ya Mudimbe, neno ni lilelile. Ni hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao wanashindana mu uchaguzi. Rangi zake ni nzuri sana, Kiswahili chao utakisikia bila shida, isipokuwa wakiingia mu Sheng. Filimu ilialikwa Cannes, ya kwanza ya Kenya kufika kule, lakini mwezi wa 4 mwaka ule bodi ya filimu ya Kenya ilikuwa imeshaikataza. Kahiu alisema bodi ilitaka abadilishe mwisho, juu ulikuwa na tumaini kupita kiasi. Angewaacha wasichana wamalize kwa kujuta, labda wangemukubalia. Akakataa. Mwezi wa 9 mahakama ilifungua marufuku kwa siku 7, na mu zile siku 7 watu wa Nairobi walijaza masinema.

Filimu hii imetoka ndani ya hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni barua ya musichana kwa mwenzake aliyepelekwa London. Kwa mimi, hadithi inapita filimu. Ni kurasa chache tu, utaisoma ukingoja taxi.

Na kama unataka kitabu cha Kiswahili, kuna Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), aliyepata Nobeli 2021. Ida Hadjivayanis ameitafsiri. Kijana Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na anatembea na msafara wa biashara mpaka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, upande wetu huu. Ni misafara ya namna ile njo ilitufikishia Kiswahili. Yusuf ni muzuri wa sura, na wanaume kwa wanawake wanamutamani. Lakini nakuonya: mule hamna upendo mwingi. Mnyapara wa msafara anaogopwa na vijana kwa sababu. Gurnah anaonyesha nguvu ya mutu mukubwa juu ya mudogo, na haifai kuichanganya na Kena na Ziki.

Bado kitu kimoja, nimekizunguka tangu mwanzo.

Mu univerisite nilikuwa nagawana chumba na kijana mumoja, tumuache bila jina. Alikuwa ananipikia fufu nikirudi usiku toka shamba la majaribio. Siku moja wengine walichukua telefone yake, wakasoma mesaji, wakatosha godoro lake inje. Mimi nilikuwa pale. Waliponigeukia nilisema: "Mi niko rafiki tu. Mambo yake siijue." Nilisema "tu" kwa nguvu. Hakungoja mitihani ya mwisho. Leo yuko Zambia, anafanya kazi yake.

Nilipomaliza Le Bel Immonde nilimuandikia, miaka karibu tano bila neno kati yetu. Nikamuuliza kama anakijua kile kitabu. Akajibu siku ya pili: "Nilikisomea mu chumba yetu. Nilikuambia usome paji moja, ukasema weye uko na muhtasari."

Mudogo, kitabu kiko kwangu. Jalada limetoka lakini paji zote ziko, nimezihesabu. Ukipita upande wa Manika, kuja ukichukue.