Kutoka Picturephone mpaka Zoom: makampuni yalikuwa yananunua nini hasa?

Leo nawaletea historia, ila msikimbie, siyo Maji Maji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya mikutano ya video makazini. Kila kukicha watu wanabishana: Zoom, Google Meet au Microsoft Teams, ofisi ichukue ipi? Ubishi wenyewe umeanza kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa. Na ukiufuatilia toka mwanzo unaona makampuni yamekuwa yakilinganisha picha na bei, picha na bei, wakati aliyeshinda alikuwa yule aliyemrahisishia MGENI kuingia.

Tuanzie Marekani. Mwaka 1964 kampuni ya simu ya AT&T ilionyesha simu yenye picha, Picturephone, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Mwaka huohuo ikafungua vibanda New York, Washington na Chicago. Dakika tatu zilikuwa dola 16 mpaka 27, kutegemea umbali. Na hizo ni dola za 1964 jamani! Vibanda havikupata watu. AT&T haikukata tamaa, ikawageukia wafanyabiashara, na tarehe 30 Juni 1970 huduma ikazinduliwa Pittsburgh. Meya wa jiji, Pete Flaherty, akampigia John Harper, mwenyekiti wa kampuni ya alumini ya Alcoa, wakaonana. Malipo: dola 160 kwa mwezi kwa dakika 30, ukizidisha ni senti 25 kila dakika.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mteja. Umeshalipa, chombo kiko mezani kinang'aa. Utampigia nani? Mwenye chombo kama chako tu. Wateja wako hawana, anayekuletea mali hana, tawi lako la mji mwingine halina. Yaani mnunuzi wa kwanza alinunua kioo cha kujitazama! Wateja walibaki wa kuhesabu na miaka ya 70 hiyohiyo mradi ukafa. Watu wengi husema ulikufa kwa sababu ya bei. Mimi naona hata wangepunguza nusu, upweke ule usingetibika.

Miaka ya 80 zikaja mashine za kubana picha ili ipite kwenye laini za simu. Mwaka 1982 Compression Labs ilikuwa inauza mtambo kwa dola 250,000, na laini ni kama dola 1,000 kwa saa. Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa MIT, Brian Hinman na Jeffrey Bernstein, na profesa wao David Staelin, wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa PictureTel (wanafunzi wenzetu hao, sisi tunahangaika na asainmenti). Wao wakashusha bei sana. Lakini ugonjwa ulikuwa uleule: mashine za kampuni hii hazikuelewana na za kampuni ile. Mpaka mwaka 1990 ndipo ukatoka utaratibu wa kimataifa, H.320, wa kuziwezesha mashine za watengenezaji tofauti kuongea. Jina baya, kazi nzuri!

Halafu linakuja jambo ambalo huwa linanichekesha. Mwaka 2005 HP walitoa Halo, chumba kizima cha mikutano walichokibuni pamoja na DreamWorks, wale wa filamu za katuni. Chumba kimoja dola 550,000, na kila mwezi dola 18,000. Na kumbuka chumba kimoja hakina maana, lazima viwe viwili! Mwaka uliofuata Cisco wakaja na TelePresence yao, ile kubwa dola 299,000. Tuwe wakweli, vilikuwa vizuri: mtu unamwona kwa ukubwa wake halisi kana kwamba mko meza moja. Ila vilimfaa bosi anayeongea na bosi mwenzake. Karani wa tawini asingekaribishwa mle.

Wakati mabosi wananunua vyumba, Skype ilishaingia mtaani bure tangu 2003, na mwanzoni mwa 2006 ikawa na video. Kwa ndugu ilikuwa neema, mjomba yuko Muscat unamwona hapa. Kwa biashara ilikwama mlangoni: fungua akaunti, nipe jina lako, nikuombe, unikubali, ndipo tuongee. Mteja unayekutana naye mara moja atafanya yote hayo kweli? Skype ikauzwa kwa eBay mwaka 2005, Microsoft wakainunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, na Mei 2025 wakaifunga. Watu wakaelekezwa Teams.

Aliyeuona mlango ule vizuri ni Eric Yuan. Mchina huyu alinyimwa viza ya Marekani mara nane, ya tisa akapata, akafika 1997 na kuajiriwa WebEx, waliokuwa wanauza mikutano kwa njia ya intaneti. Cisco wakainunua WebEx mwaka 2007 kwa dola bilioni 3.2. Yuan akaondoka 2011 kuanzisha kampuni yake, na Zoom ikaingia sokoni 2013. Silaha yake kubwa kwa maoni yangu ilikuwa linki. Mwenyeji ana akaunti, mgeni anabonyeza tu anaingia. Ugonjwa wa Pittsburgh ukapona hivyo.

Corona ilipokuja, washiriki wa mikutano ya Zoom kwa siku walitoka milioni 10 Desemba 2019 wakafika milioni 300 Aprili 2020. Mlango uliokuwa wazi kwa mgeni ukawa wazi kwa wahuni pia, wakawa wanavamia mikutano ya watu. Ikagundulika vilevile kwamba ulinzi wa siri waliokuwa wanautangaza haukuwa wa kiwango walichosema. Mamlaka za Marekani zikawabana, na Novemba mwaka huo wakakubaliana kurekebisha.

Teams yenyewe ilipita njia nyingine: tangu 2017 ilifungwa pamoja na Word na Excel. Ofisi ikishalipia vile, hii inaonekana ya bure. Slack wakapeleka malalamiko Ulaya mwaka 2020, na Microsoft wakaanza kuiuza peke yake, Ulaya mwaka 2023 na duniani kote 2024.

Na huku kwetu? Kabla ya 2009 pwani yetu ilitegemea setilaiti, ambayo ipo kilomita kama 36,000 juu. Ukiuliza swali, jibu linachelewa nusu sekunde nzima, mnaanza kukatizana maneno. Mwaka huo ndipo mkongo wa SEACOM ulipofika Dar na Mombasa, na Mombasa ikapata na mwingine unaoitwa, amini usiamini, TEAMS! (Hauhusiani kabisa na Microsoft.)

Nimeyachimba haya kwa sababu sisi watano wa ualimu tunaanzisha tuisheni ya kidato cha nne kwa video, na hela ya mtaji ni ya bumu. Mmoja anataka Zoom, mwingine Meet. Zoom ya bure inakata kundi dakika 40, ambazo kwa shule zetu ni kipindi kimoja kamili, sijui nani aliwaambia! Meet na Teams za bure zinakwenda dakika 60. Hakuna hata moja inayotosha vipindi viwili mfululizo, dakika 80.

Mimi nimewaambia wenzangu tuache kulinganisha picha. Mgeni wetu ni mtoto anayetumia simu ya mama yake jioni, na bando analipa mama. Kwa hiyo Jumamosi tunajaribu zote tatu kwa simu ya bei ndogo kabisa tutakayoazima hosteli, kamera zimezimwa, sauti na ubao tu. Tutahesabu MB zilizoliwa na mara ngapi mtu ametupwa nje. Itakayokula kidogo ndiyo tutailipia, hata kama sura zetu hazitaonekana vizuri.