Rede, Kombolela na Afya ya Uzeeni

Waingereza walipoigawa Dar es Salaam kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, waliacha ukanda wa ardhi tupu pale Mnazi Mmoja ili Waafrika wa Kariakoo watengwe na mitaa ya Wahindi. Nia ilikuwa ubaguzi, lakini ardhi isiyojengwa watoto huwa hawaiachi. Katika viwanja vya namna hiyo, na katika nyua na vichochoro vya mchanga vya Ilala, Magomeni na Temeke, vizazi vilicheza chandimu, rede, kombolela na kuruka kamba bila mwalimu wala ada. Nashikilia kwamba michezo ile ilikuwa kinga ya afya ambayo hakuna aliyeipanga, na kwamba imetuponyoka kwa kukosa ardhi zaidi kuliko kwa uvivu wa watoto.

Itazame rede. Wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa: anaruka, anainama, anageuka ghafla, kisha anawahi kujaza mchanga kwenye chupa kabla hajapigwa. Mfupa wa mtoto huimarika kwa mishtuko ya namna hiyo, kuruka na kutua, na sehemu kubwa ya madini yake huwekwa katika miaka ya kubalehe. Ukishapita umri wa miaka 30 hivi, mtu huanza kutumia akiba aliyojiwekea. Mwanamke hupungukiwa kwa kasi zaidi baada ya kukoma hedhi, na mara nyingi ndiye anayevunjika nyonga kwa kuteleza tu uani. Rede na kamba, michezo ya wasichana, ndiyo iliyokuwa ikiwawekea akiba hiyo. Tena mbio za kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana, huuzoesha moyo kazi na misuli kutumia sukari iliyomo katika damu, jambo la maana sana leo kisukari na shinikizo la damu vinapozidi kuingia majumbani mwetu.

Wako watakaosema kwamba natamani zamani iliyokuwa na surua, malaria na kazi nzito kwa watoto. Ni kweli watoto wengi walikufa, na waliookolewa waliokolewa na chanjo na dawa, si mchezo. Lakini aliyeokolewa na chanjo bado ana miaka 60 ya kuishi, na chanjo haimjengei mifupa. Wengine huilaumu simu. Ina sehemu yake, ila mara nyingi simu iliingia nyumbani ikakuta uwanja umeshauzwa. Sensa ya 1967 iliihesabia Dar es Salaam watu 272,821. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la karibu mara 20 lilijenga juu ya viwanja, na barabara zilizobaki zikajaa magari na bodaboda. Mzazi anayemfungia mtoto ndani hana kosa, anaogopa ajali ya kweli. Wala janga hili si letu peke yetu: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi saa moja ya kuushughulisha mwili kwa siku.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba shule zina michezo, na UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ipo. Naiheshimu, lakini mashindano huchagua wenye vipaji na kuwaacha wengine wakishangilia pembeni. Kombolela haikumchuja mtu. Mnene, mdogo na asiye na mbio wote walijificha na wote walikimbia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 inautaja mchezo kuwa haki. Basi wazazi waende ofisi ya serikali ya mtaa, waulize ramani inaonyesha eneo gani la wazi, na wafanye hivyo kabla eneo hilo halijajengwa fremu za maduka.