Mawe Waliyotuachia Wajerumani

Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagizwa yatolewe mawe kumi na mawili katikati ya mto na kusimamishwa Gilgali. Agizo hilo liliwahusu watoto: siku moja wangeuliza maana ya mawe yale, na wazazi walitakiwa wawe na jibu. Sisi tunaoishi Kikuyu na mitaa mingine ya Dodoma tunayo mawe yetu. Tunapita kando ya reli ya zamani na stesheni yake, bila kuuliza. Watoto wetu wakituuliza, tutawajibu nini?

Kabla ya mji huu kuwapo, Ugogo ilikuwa njia. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilihitaji maji na chakula chetu, na watemi walitoza hongo. Mwaka 1889 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Mpwapwa, mahali ambapo wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza walikwisha kuanza kazi. Baadaye walijenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Tangu hapo aliyetoza kodi alikuwa mgeni.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Mwaka huohuo Wajerumani waliuanzisha mji wa Dodoma, na mwaka 1910 reli yenyewe ikaufikia. Mwaka 1914 ilifika Kigoma, mwendo wa kilomita 1,250 hivi kutoka pwani. Walowezi wa Kijerumani waliotaka mashamba walikwenda Usambara, Kilimanjaro na Meru, kwenye mvua. Huku kwenye ukame walikuja wapimaji, mafundi, askari na maofisa. Lakini waliobeba mataruma na kupasua mawe ni Waafrika, wengi wao Wanyamwezi.

Njia iliyoleta bidhaa ilileta pia vita. Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliitwaa Dodoma. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana. Kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu. Stesheni bado ipo. Waliokufa kwa Mtunya hawakusimamishiwa jiwe.

Hapa ndipo sisi Walutheri tunapojaribiwa. Wapo kati yetu wanaosifu kila kilichojengwa na Mjerumani, kwa kuwa imani yetu ilitoka kwake. Wapo wanaoona aibu na kutaka tunyamaze. Ni kweli kwamba wamisionari wa Kijerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, nyanda za juu kusini mwaka 1891 na Kilimanjaro mwaka 1893, na juu yao ilipepea bendera ileile ya maboma. Tusilifiche hilo. Lakini vita ilipowaondoa wamisionari hao, Kanisa halikuondoka nao. Walimu na wainjilisti Waafrika waliendelea kufundisha na kuwaongoza waumini katika sala, mara nyingi bila mshahara. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Kama Kanisa lingekuwa mali ya boma, lingeanguka pamoja na boma.

Ndiyo maana tunasema jibu letu kwa watoto lazima liwe na sehemu mbili. Tumshukuru Mungu kwa Injili, tukiwakumbuka pia ndugu zetu Waanglikana waliotutangulia Ugogo. Tena tukiri kwamba waliokuja na Biblia na waliokuja na bunduki walitoka nchi moja, na wenyeji hawakuweza daima kuwatofautisha. Shukrani isiyo na ukweli ni kujipendekeza, na ukweli usio na shukrani hutuachia uchungu mtupu.

Leo treni ya umeme imefika Dodoma, na stesheni ya zamani inaweza kusahaulika upesi. Basi kila usharika uwakalishe wazee na vijana pamoja. Waulizwe bibi na babu zao walisimulia nini juu ya reli, vita na Mtunya, na majina yaandikwe. Yoshua alitumia mawe kumi na mawili. Sisi tunaweza kuanza na daftari moja, kabla wasimulizi hawajatutoka.