Si kila askari ni "askari"

Test ziko mlangoni, na kwa sisi tunaochukua Historia na Kiingereza pamoja kuna neno moja linaloharibu essay nyingi. Neno lenyewe ni askari.

Kwetu Hirbadaw, kule Hanang, askari ni polisi, ni mgambo, ni mlinzi wa usiku, ni mwanajeshi. Tulilitoa kwenye Kiarabu, tukalitanua. Wazungu nao wakalichukua kwetu, wakalibana. Kwenye Kiingereza cha historia, "askari" ni Mwafrika aliyeandikishwa kupigana au kulinda chini ya wakoloni huku Afrika Mashariki. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipokuja kumpiga Abushiri, alikuja na watu waliokodiwa Misri, wengi wao Wasudani, na wengine kutoka Msumbiji. Hao ndio walioanzisha jeshi la Wajerumani lililoitwa Schutztruppe, mwaka 1891. Upande wa Waingereza kulikuwa na King's African Rifles, tangu 1902.

Sasa angalia inavyoweza kukuponza. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba "askari" wa Maji Maji walipigana kuanzia 1905 hadi 1907, msomaji atawaona wale waliowapiga risasi wananchi, maana askari walikuwa upande wa Mjerumani. Yaani neno moja tu limemhamisha babu wa watu kambi! Andika "fighters". Na mwanajeshi wa JWTZ wa leo ni "soldier", basi.

Kuna kosa la pili, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye vita ya 1914 mpaka 1918 Waafrika wengi kabisa hawakushika bunduki. Walikuwa wapagazi, walibeba vyakula, risasi na majeruhi. Kwa Kiingereza hao ni "carriers" au "porters". Waingereza peke yao waliwakusanya takriban milioni moja, na hesabu ya vifo vyao inapita 95,000, wengi wakifa kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Ukiwaita wote "askari" unadhani umewapa heshima, kumbe umewafuta. Mshahara ulikuwa mbali, chakula mbali, na kumbukumbu mbali.

Nenda ukaangalie pale katikati ya Dar. Sanamu ya mwaka 1927 imesimama ilipokuwa sanamu ya Wissmann, na aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi utamkuta kwenye maandishi ya chini tu. Nairobi angalau amewekwa naye kwenye sanamu.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Wamo askari pia, lakini wapagazi ndio walioachwa zaidi, kwa sababu kwenye makaratasi hawakuhesabiwa kama wanajeshi. Kumbe jina la kazi liliamua nani anaandikwa.

Kwa hiyo mwalimu mtarajiwa, kabla hujaandika jiulize maswali mawili: huyu mtu aliandikishwa na nani, na mkononi alishika nini? Herufi ya kwanza iwe ndogo, kwani kubwa ni mtindo wa Kijerumani. Kwa wingi wapo wanaoandika "askari" na wapo wanaoandika "askaris". Chagua moja ubaki nayo mpaka mwisho.

Mwakani tutakuwa darasani na chaki, na watoto wataandika kama tutakavyowaandikia ubaoni. Nawasilisha.