Samaki wa Bwana na Samaki Wetu

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Kila tunapokutana, wenzangu hunitania kwamba mtu wa Kileo hana historia nyingine isipokuwa ya perege. Leo naukubali utani huo, ila nitaanza na samaki ambaye Kileo hakuwahi kufika.

Mwaka 1976, kabla mpaka wa Kenya haujafungwa, nilikwenda Nyeri kumwamkia mjomba wangu. Huko nilimwona mzee wa Kizungu amesimama mtoni, akiurusha mshipi mbele na nyuma hewani.

"Mjomba, chambo kiko wapi?"

"Mpwa wangu, huyo havui kwa njaa," akacheka. Chambo kilikuwa nzi wa bandia, manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo. Nzi huyo huelea bila kuzama, na samaki hupanda juu kumdaka.

Baadaye nilisoma chanzo chake. Mwingereza Frederic Halford aliandika kitabu juu ya nzi waeleao mwaka 1886, na mwaka 1924 Mmarekani George La Branche akaeleza jinsi ya kumvua samoni kwa nzi huyo. Jambo hilo lilistaajabisha, maana samoni akitoka baharini kwenda kuzaa mtoni huacha kula. Hata hivyo humrukia nzi. Samoni hatunaye, lakini jamaa yake, trauti, aliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza trauti kutoka Uskoti katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Wakati wa ukoloni trauti walitiwa pia katika mito baridi ya Kilimanjaro.

Samaki huyo alilindwa kwa leseni na kwa sheria. Mjomba, aliyewahi kumbebea bwana mmoja vifaa vya kuvulia, aliniambia kwamba bwana akivua ilikuwa starehe, na mtoto wa kijijini akivua mto uleule ilikuwa wizi. Neno hilo sikulisahau.

Sasa turudi Kileo. Trauti hutaka maji ya baridi. Maji ya Kilimanjaro yakifika tambarare kwetu yamekwisha kupata joto, na wenyeji wake ni perege na kambare. Katikati ya miaka ya 1960 lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu ili kudhibiti maji ya mto Pangani. Samaki wakazaliana mno, na kufikia mwaka 1970 wavuvi walikuwa wamemiminika kutoka kila upande. Karo yangu ya shule ilitoka katika mitumbwi hiyo, na najua si mimi peke yangu.

Kisha likaja kokoro, wavu unaokokota mpaka vifaranga. Mabwana samaki walipotukataza, tulijibu kwa kiburi: "Hizo ni sheria za Wazungu!" Mimi mwenyewe nililivuta kokoro wakati wa likizo, nikicheka. Mwaka hata mwaka perege wakapungua ukubwa, mpaka mama akawa anakaanga samaki wanne pale alipozoea kukaanga mmoja.

Kosa letu lilikuwa la historia. Kwa kuwa tuliona sheria ya samaki ikitumika kulinda starehe ya bwana, tulidhani kila sheria ya samaki ni ya bwana. La hasha! Wazee wetu wa Upareni walichimba ndiva milimani, maji yakakusanywa usiku na kugawanywa mashambani kwa zamu. Aliyeiba zamu ya mwenzake aliwajibishwa na wazee. Je, hao walifundishwa na Mzungu gani? Kujizuia leo ili kesho pawepo ni desturi yetu sisi, ya tangu zamani.

Wadogo zetu, wengi wenu mnatoka vijiji vinavyolizunguka bwawa lile. Mkirudi likizo mtaitwa kuvuta kokoro, na mtaambiwa kwamba anayekataa anajifanya Mzungu. Mjibuni kwamba ndiva hazikuchimbwa na Mzungu. Mimi sikuwa na jibu hilo nilipokuwa na umri wenu, na perege niliowavuta wakiwa vifaranga hawarudi.

Nawatakieni masomo mema.